Hazina Miguu, Lakini Zimefika

Ili niitwe mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Ruiru, nilimlipa ajenti, nikamlipa wakili, nikamlipa sorovea, kisha nikamlipa sorovea wa pili aje anionyeshe wa kwanza alikuwa amepima ploti ya nani. Nikapanda ua wa kaiyaba, miiba ambayo hata mbuzi huiheshimu. Nikaweka geti, nikatia kufuli. Mvua za Machi ziliponyesha, ploti ilijaa wakazi, na hakuna hata mmoja aliyepitia getini.

Sisemi watu. Watu wa hapa wana adabu zao: anayetaka kukuingilia kwenye ploti angalau huja na hati bandia. Nasema mimea. Kiumbe kisicho na mguu wala mkono, kisichojua nauli ya Ruiru hadi Thika hupanda mara ngapi mawingu yakitanda, kinafika kila mahali kabla yangu, na bure.

Wako wanaokuja kwa upepo. Jirani yangu wa juu ana mkima, ule mti wa Australia uliopandwa mashambani kuipa kahawa kivuli. Mbegu zake zina kijibawa chembamba pembeni, na upepo wa alasiri unajua njia moja tu: kwangu. Jirani amebaki na kivuli, mimi nimeachiwa watoto. Ana pia Nandi flame, na huo ndio mwisho wa maarifa. Ganda lake hupasuka likiwa bado juu mtini, likamwaga mamia ya mbegu, kila moja imevishwa utando mwangavu unaoelea hewani bila haraka. Mwandishi Elspeth Huxley alipotoa kitabu chake The Flame Trees of Thika mwaka 1959, ulimwengu uliijua Thika kwa miti hiyo. Ulimwengu huo haujawahi kuja kunisaidia kuzibua gata. Mbegu zimetua humo, zimekutana na vumbi la barabara, zimeota. Nalima juu ya paa bila kibali cha kaunti.

Wako pia wanaokuja kwa ndege. Namaanisha yule mwenye tumbo. Ndege hula tini za mugumo, huruka, hutua ukingoni mwa tangi langu la maji, na hapo hutoa alichonacho bila haya. Mbegu ya mugumo ni ndogo mno, hupita tumboni salama na kushuka na mbolea yake ya kuanzia maisha. Haidai udongo. Ufa wa ukuta unaitosha. Mizizi itateremka yenyewe polepole hadi ardhini, na kitakachopasuka si mugumo. Nilipochukua panga, mzee wa mtaa alinishika mkono.

"Kijana, mugumo haukatwi. Chini yake ndipo wazee walipoombea."

"Lakini mzee wangu, huu umeota kwenye tangi."

"Basi hamisha tangi."

Na siwezi kubishana, kwa sababu Thika tuna ushahidi. Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alisema mugumo wa Thika ukianguka, utawala wa wageni utaanguka nao. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia egemeo ili usimame. Radi ikaupiga, ukaanguka mwaka 1963, na Desemba hiyo bendera ikashushwa. Ikiwa serikali nzima ya Malkia ilishindwa kuuzuia mugumo usianguke, mimi na panga la kuazima nitauzuiaje usiote?

Mbarika haungoji upepo wala ndege. Jua la Januari likikausha vitumba vyake, hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali na mama. Zikigonga mabati ya banda la kuku, mke wangu huniamsha usingizi wa mchana nikamtafute mwizi. Mbegu ikishatua, kazi ya pili hufanywa na sisimizi: ina kinundu kidogo chenye mafuta kwenye ncha, wao huikokota hadi shimoni, hula kinundu, na mbegu yenyewe huiacha humo, kwenye udongo laini. Sijawahi kupata huduma kama hiyo hata hospitali ya kulipia.

Lakini anayenichoma hasa ni kishona nguo. Huyu alitoka mabara ya Amerika, hakugongewa muhuri popote, na leo amejaa kila kichochoro kutoka Kamakis hadi Kilimambogo. Kila mbegu yake nyeusi ina miiba miwili au mitatu kichwani, na kila mwiba una vijino vinavyoangalia nyuma: kuingia kwenye suruali ni rahisi, kutoka ni kesi. Nilikwenda kwenye ruracio, mazungumzo ya mahari, ya mpwa wangu nikapitia njia ya mkato. Nikaketi mbele ya wakwe nikiwa nimeshonwa hadi magotini, na mazungumzo ya mbuzi yakasimama wazee wakinitazama. Nikaanza kubandua moja moja na kuzitupa pembeni kwa hasira. Kumbe hasira yangu ndiyo shamba lake! Kila uliyoitupa umeipanda. Wale wakwe walidai mbuzi. Hawakujua tumewaletea na magugu, tena bila kupunguziwa.

Mwaka 1941 mhandisi Mswisi, George de Mestral, alirudi kutoka kuwinda, yeye na mbwa wake wakiwa wamenaswa na mbegu za namna hiyo. Badala ya kulaani, aliziweka chini ya hadubini, akaona vikulabu, na hatimaye akatuletea Velcro, ile inayofunga viatu vya watoto. Sisi tumeshonwa tangu utoto, na faida tuliyoiona ni kuchelewa shule.

Sasa niulize ninavyovitaka hufikaje. Kituo cha utafiti wa kahawa hapa hapa Ruiru kilitoa Ruiru 11 mwaka 1985, kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mbegu yake hutokana na uchavushaji wa mkono, ua kwa ua. Ukipanda buni ya mti wako mwenyewe, hujui utazaliwa mtoto wa nani. Kwa hiyo unapanga foleni na unalipa. Nanasi la Thika limeboreshwa hadi likasahau mbegu, lazima ubebe machipukizi. Makadamia alisafirishwa kutoka Australia mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries. Huyo hadi nauli alilipiwa. Na mahindi yamejifunga maganda, hayaendi popote yasipotolewa na mtu. Yaani kila kinacholika kinasubiri nikilipie, na kila kisicholika kimeshafika.

Juzi nilisalimu amri, nikamwita kijana anipalilie. Alifanya kazi safi, sina la kusema. Akang'oa kila kitu, akarundika, akachoma, nikamlipa. Alipofika getini alisimama, akainama, akakung'uta suruali yake yote, mguu wa kulia kisha wa kushoto, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayejua biashara yake.

"Mzee, nitapita tena mwezi ujao?"

Nikamwambia apite. Kazi ameshaipanda.