Jinsi ya Kufungisha Ndoa ya Tone la Dawa na Jani la Kabichi

Ndugu mkulima wa Uyole, wa Ilula, na wewe wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni: kabla hujabeba bomba mgongoni, elewa kwamba bibi harusi hamtaki bwana. Jani la kabichi limevaa nta. Lichovye kwenye ndoo uone linavyong'aa rangi ya fedha ndani ya maji. Ni hewa iliyonaswa kwenye chembe za nta. Litoe, ni kavu. Ndivyo dawa ya viwavi uliyoinunua kwa pesa ya jasho inavyojikunja vitone, ikabingirika na kuishia kwenye udongo.

Maji nayo yana kiburi. Yanashikana yenyewe kwa yenyewe: mvutano wa uso wake ni kama milinyutoni 72 kwa mita, na nta haina cha kuyavuta.

Basi tafuta mshenga. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo inasikilizana na koo zote mbili. Molekuli hizo zikijipanga kwenye uso wa tone, mvutano hushuka hadi karibu 30, tone linalegea na kutandaa. Washenga wa silikoni wa madukani huushusha hadi karibu 21. Kwenye kitunguu wanafaa mno, maana vithiripi hujificha shingoni, katikati ya majani machanga, ambako tone gumu halipenyi.

Mshenga mmoja anatosha, usilete ukoo mzima! Uso wa tone ukishajaa, molekuli za ziada hukusanyika vikundi vikundi ndani ya maji na mvutano haushuki tena. Unachopata ni povu, dawa inayochuruzika, na nta iliyooshwa hadi jani linaungua. Sabuni ya mche iache kwenye karo: ina alkali, na alkali huvunja nguvu ya baadhi ya viuatilifu. Lebo ya dawa ikitaja kipimo cha kitandazaji, yaani huyo mshenga, fuata hicho, ikikataza, tii.

Changanya dawa na maji kwanza, mshenga aingie mwisho, ukoroge polepole. Pulizia mche mmoja. Matone yakibaki duara, ongeza kidogo; yakitiririka hadi chini, umezidisha. Rudi kesho yake ukague kingo za majani, ndipo upige shamba zima.