"Una Ndugu Dar?"

Kuna swali linalonitesa kuliko kodi ya nyumba. Huulizwa dirishani, kwenye ofisi ya mabweni ya chuo fulani cha hapa mjini: "Una ndugu Dar?" Mpwa wangu, mtoto wa Kasulu aliyefundwa kutowadanganya watu wazima, akajibu, "Ndiyo, nina mjomba, anakaa Kariakoo." Karani akaita anayefuata. Kwa upande wa chuo, suala la malazi likawa limekwisha.

Chuo chenyewe sikitaji. Sisi wa Kariakoo tumezungukwa: CBE ipo Barabara ya Bibi Titi, DIT jirani yake tu, IFM kule Mtaa wa Shaaban Robert, na Muhimbili wanakofundishwa madaktari pale Upanga. Ukoo wetu una mtoto karibu kila geti, nikikitaja kimoja nitakosa kadi za harusi. Tena mambo haya yalianzia kwetu. Oktoba 1961, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa hapa hapa Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria watupu, hawafiki hata 15. Mwaka 1964 wakahamia Mlimani. Wajomba wa enzi zile bila shaka walichinja mbuzi.

Mtoto alikuja na kitabu cha mwongozo wa mwanafunzi, nikakisoma chote. Kina ushauri nasaha, huduma ya afya, mgahawa, michezo, dawati la mikopo, na juu ya yote ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Sina ugomvi na mshauri, nimewahi kumwona, mama mstaarabu kabisa. Ila ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri, na mpwa wangu huanza kupata matatizo saa nne usiku.

Sikukubali kirahisi. Nilisema nitamtafutia chumba. Nikazunguka Narung'ombe, Sikukuu, Mchikichini, na dalali wangu nyuma. Ndipo nilipoelewa uchumi wa mtaa wangu. Mwenye nyumba wa kwanza aliniuliza, "Unaweka mtu au mzigo?" Nikasema mtu, tena mwanafunzi. Akanitazama kwa huruma. Kariakoo chumba kinagombewa na viatu vya China, vitenge na vifuniko vya simu, na hao wote hawaogi, hawapiki, hawawashi taa usiku wa manane kujisomea, na kodi yao inalipwa mwaka mzima kwa mkupuo. Nyumba zile za vyumba sita na uani, ambazo zamani zingemsitiri mwanafunzi kwenye chumba cha nyuma, zimebomolewa zikawa maghorofa. Chini maduka, juu stoo, na juu zaidi stoo nyingine. Dalali alitaka ada yake ya kunizungusha hata hivyo. Mtoto akalala sebuleni kwangu. Dada alisema ni kwa wiki mbili tu, mpaka mambo ya hosteli yakae sawa. Sasa yuko mwaka wa tatu.

Mtu atasema: si ana boom? Anayo. Serikali ilipandisha posho ya chakula na malazi mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hulipwa kwa mafungu ya siku 60. Yaani mtoto wa miaka ishirini anakabidhiwa shilingi 600,000 siku moja, halafu ndiyo siku hiyo anapita Mtaa wa Kongo kurudi nyumbani. Hebu tuwe wakweli. Pale kuna spika kila hatua tatu zinapiga kelele kwamba leo ndiyo mwisho wa bei hii. Mimi mwenyewe mwenye mvi nimewahi kununua tochi tatu. Siku ya boom mpwa hali nyumbani, anakula chipsi kuku na watu nisiowajua. Baada ya muda usio mrefu anarudi na viatu vyeupe, na salamu ndefu. Salamu yake ikishafika "na anti hajambo, na kazi zinaendaje mjomba," natoa pochi bila kusubiri iishe.

Diskasheni nazo zinafanyika kwangu. Chuo kina maktaba, lakini nasikia viti huwahiwa alfajiri. Basi vijana wanane wanakaa kwenye kapeti langu wakijadili mizania ya hesabu za kampuni, wanamaliza sukari, na kwenye daftari la mkopo la dukani kwa Mpemba linaandikwa jina langu. Namwuliza mmoja kwao wapi, ananijibu Tabata kwa baba mdogo. Kumbe kuna baba mdogo analala kwa amani!

Ushauri nasaha unatolewa na mke wangu, jikoni, baada ya saa tano usiku. Sapu, kuachwa, hofu ya kudisko, vyote vinasikilizwa pale pale wakati vyombo vinaoshwa. Nakiri anafanya kazi nzuri. Binti mmoja wa kile kikundi cha diskasheni sasa anakuja hata kama mpwa hayupo.

Jambo moja tu nalisifu bila kinyongo, bima ya afya ya wanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka. Kwa bei hiyo hupati hata viatu vyeupe vile. Lakini mwenye kadi hapendi foleni. Akiumwa kichwa anashuka duka la dawa la chini na kusema, "Mjomba atapita kulipa."

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo vya mjini ni dogo. Mkishamwuliza mtoto kama ana ndugu Dar, tupigieni basi na sisi simu mtuulize kama tuna nafasi. Na kwenye kile kitabu cha mwongozo, ukurasa wa malazi, andikeni ukweli: sebule, Kariakoo, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.

Na wewe dada yangu, najua huko Kasulu gazeti linakufikia. Nimesikia mdogo wake amemaliza kidato cha sita na anauliza habari za vyuo. Mwambie kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kipo tangu 2007, kina mabweni mengi na upepo mzuri, na mimi huko sina ndugu hata mmoja. Nauli nitalipa mimi.