Namna ya Kumfunza Kura Mtoto Asiyejua Kufunga Viatu

Anza mapema, maana kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 hazitamngoja mwanao ajue kusoma. Gari la vipaza sauti likipita Karatina siku ya soko, mwache acheze. Muziki ni mtamu na yeye ni mtoto. Likishapita, muulize: yule wa juu ya gari amesema atafanya nini? Akijibu, "Ametupungia mkono," mpongeze kwa kuona sawasawa, kisha mwambie kupunga mkono si kazi.

Kazi yenyewe mweleze kwa vitu anavyovigusa. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, darasa lake la chekechea liko chini ya kaunti, pamoja na zahanati alikochanjwa. Paa la darasa hilo likivuja, wa kuulizwa ni gavana. Akifika darasa la kwanza, maswali yanahamia serikali ya kitaifa. Mtoto wa miaka 5 huelewa haya upesi kuliko wakubwa wengi, kwa kuwa yeye ndiye anayenyeshewa.

Sasa fanyeni uchaguzi jikoni. Wagombea ni githeri na chapati. Raundi ya kwanza mwombe cucu, bibi yake, asimamie mlolongo, kama ule wa mchujo wa chama cha KANU mwaka 1988, wapiga kura walipopanga foleni nyuma ya mgombea mchana kweupe, kila jirani akiona. Kitinda mimba atamfuata kaka yake, na kaka atasimama pale baba anapotazama. Usiwakemee. Raundi ya pili mpe kila mmoja punje ya hindi na ya haragwe, aingie peke yake nyuma ya pazia, atumbukize moja kikombeni: hindi ni chapati, haragwe ni githeri. Matokeo yakibadilika, waulize wao wenyewe kwa nini.

Mwaga punje mezani mhesabu kwa sauti. Aliyeshindwa akitaka kurudia hesabu, arudie. Hata mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu za matokeo ya urais kutoka vituo 46,229 ili yeyote ajumlishe mwenyewe. Githeri ikishinda, italiwa githeri, hata kama baba ameshakanda unga. Na anayewagawia wenzake pipi ili wampe kura, mwondoe kinyang'anyironi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humtia hatiani mtoaji, na mpokeaji pia.

Pagumu ni swali hili: "Huyu ni mtu wetu?" Huku Mlima Kenya mtoto hulisikia sebuleni kabla ya kulisikia barabarani, kwa hiyo anza kwa kuwanyamazisha wajomba. Halafu mwambie habari za Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe. Eneo bunge la Tetu lilimpeleka bungeni mwaka 2002, dunia ikamtunuku Nobeli ya Amani mwaka 2004, na mwaka 2007 Tetu hiyohiyo ikampa kiti mtu mwingine. Alikuwa wao kabisa. Mimi bado namlilia, lakini haki ya kumnyima kura ilikuwa yao. Mtoto wa Nanyuki, anayekaa dawati moja na Mmeru, Msamburu na Msomali, anahitaji kujua hili kuliko anavyohitaji fulana ya chama.

Siku mheshimiwa atakapobisha hodi, usimfiche mtoto chumbani. Mkalishe mbele, mnong'oneze swali la paa, kisha wewe ukae kimya mpaka jibu lipatikane.