Lumbesa Angani

Nyie mnaopanda ndege kila mwezi mkapiga picha ya bawa na kuandika "mawinguni", leo kaeni pembeni kidogo. Nina dukuduku langu.

Mimi ni mtu wa Mpemba. Mpemba ya Tunduma, mkoani Songwe, barabara kuu ya kwenda Zambia. Nauza mahindi na maharage kwa sado kando ya lami, si mbali na mizani ya malori. Ukiishi pale huna haja ya luninga. Lori linapanda mizani, namba inatoka mbaya, dereva anashuka anavuta suruali juu, anaanza kulia: bosi, mvua imenyesha njiani, turubai limeloa, ndiyo maana uzito umezidi. Sheria ni tani 56, gari na mzigo wake. Turubai halimo. Mimi nakaa juu ya ndoo yangu nacheka. Miaka kumi na mitano nawacheka wale watu. Kumbe Mungu ananitazama tu.

Mambo ya angani kwetu hatuna mazoea nayo. Kitu ninachokijua kilichotoka juu kikatua Mbozi, mkoani kwetu, ni kile kimondo cha Ndolezi, tani zaidi ya 10, na tangu kitue hakijaondoka tena. Sasa utasema, mbona kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe? Upo. Ila usije ukaja Songwe kuutafuta. Uko Mbeya. Uwanja ulianza kazi 2012, mkoa wetu ukazaliwa 2016. Sisi tukachukua jina, wao wakabaki na ndege.

Basi nina mpwa wangu yuko Unguja, anatembeza watalii. Kaoa hukohuko, kapata mtoto, akaniita nikamwone mjukuu. Nikapanda basi mpaka Dar, makalio yakafa ganzi, yakafufuka, yakafa tena. Nikapanda boti. Ya kwenye boti tuyaache. Siku ya nne kijana akaja mbio.

"Mjomba, bahati yako! Kuna Wataliano wanne wamekodi kindege cha kuzungukia kisiwa, mmoja kaharisha usiku kucha. Kiti kimeshalipiwa. Unapanda?"

Kitu kikishalipiwa mimi napanda hata mnazi.

Tukafika uwanjani. Kaunta ipo, binti yupo, kavaa mtandio wake vizuri, ana kalamu.

"Mzee wetu unatokea wapi?"

"Mpemba."

Uso ukamng'aa. "Mpemba wa Wete au wa Chake?"

"Wa Songwe."

"Songwe..." Akatafakari. "Ndiyo kule upande wa Micheweni?"

Nikamweleza. Tunduma. Mpakani. Ng'ambo ya pili Nakonde, Zambia. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa simu ndani yake kuna sabuni. Halafu akanisahihisha kwa upole kabisa: "Basi babu, wewe si Mpemba. Wewe ni wa Mpemba."

Miaka 52 nimeishi, sikuwahi kujua kama hayo ni mambo mawili.

"Uzito wako?"

Nikasema 75. Na sikudanganya. Nilikuwa na kilo 75 mwaka ule Mkapa anaingia Ikulu, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena.

"Haya, panda hapa."

Pale chini kuna mizani. Ile ya kusimama. Wataliano watatu wameshapimwa, wamekaa kwenye benchi, hawana kazi nyingine ila kunitazama. Nikapanda. Namba ikapita 75 bila hata kusalimia. Ikapita 80. Ikapita 90, ikatikisika, nikavuta tumbo ndani kama vile tumbo ukilivuta linakwenda nyumbani. Ikasimama kwenye 98. "Na begi," akasema. Begi lina kashata, maji na sweta ambalo mama watoto alinifungia akisema juu kuna baridi. Jumla 104. Binti akaitangaza kwa sauti, na mwenzake akaiandika.

Nikaanza kujitetea. "Mwanangu, hili shati zito, jana nililoa mvua..." Nikajisikia mwenyewe. Jamani. Turubai limeloa! Yaleyale, neno kwa neno. Lumbesa nilikuwa mimi.

Rubani akaja. Kijana kabisa, ndevu zenyewe bado zinaomba kibali. Akanieleza kwamba kile kindege ni Cessna 206, viti sita na chake kimo, na hakitakiwi kuruka kikizidi kilo 1,633: chuma chenyewe, mafuta, watu, na kashata zangu. Nikapiga hesabu kichwani. Lori moja la pale kwetu ni vindege 34. Yaani ninaingia kwenye kitu chenye uzito wa magunia 16 na ushee ya mahindi, halafu kinaondoka chini.

"Wewe mzee utakaa mbele na mimi," akasema.

Nikafurahi. Nikajiambia, angalau huku kuna adabu, mkubwa anawekwa mbele. Nikawapita Wataliano kifua mbele. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba ni habari ya mizani tena. Kindege hakitaki uzito mwingi mkiani, kwa hiyo mzigo mzito unasogezwa mbele. Sikuheshimiwa. Nilipangwa.

Na mlango wa mbele ni mmoja tu, wa upande wa rubani. Abiria wa mbele unaingia kwanza wewe, unavuka kiti chake, unajiburuta mpaka ng'ambo. Guu langu la kushoto likakwama mahali, la kulia likakanyaga kitu kikalia. Rubani akasema polepole mzee, hicho usikanyage. Nikakaa. Mbele yangu usukani. Usukani mzima! Sikuomba. Nikauliza mimi naufanyaje, akasema usiuguse. Sawa. Lakini ule usukani unacheza wenyewe, akivuta wake na wangu unakuja tumboni, na tumbo, kama tulivyokwisha kuona, halina pa kwenda. Safari nzima usukani unanipiga kitambini, mimi nimenyoosha mikono juu kama niliyekamatwa na magendo.

Tukaruka. Siwezi kukueleza vizuri maana nilifumba macho. Nilipofumbua, Mji Mkongwe uko chini yangu, mabati yana kutu kama ya kwetu tu. Kisiwa cha Changuu kile pale, chenye wale kobe wakubwa. Rubani akasema tuko futi 1,500. Futi ninazozijua mimi ni za mabati. Hayo ni mabati 150 ya futi kumi, moja limesimamishwa juu ya jingine, na juu yake kakaa mtu wa kilo 98.

Tukaifuata pwani kwenda kaskazini, Tumbatu kushoto, tukaizunguka Nungwi, tukapita Mnemba. Pale maji yana rangi ambayo mimi nimeiona kwenye vitenge tu. Wataliano wanalia kwa furaha. Halafu tukashuka upande wa mashariki, na hapo ndipo nilipopata cha kutazama. Maji yamekupwa, na huko chini baharini kuna mashamba. Kweli kabisa! Vipande vya mraba vimepangwa safu kwa safu, kama matuta ya mahindi Mbozi, na wanawake wameinama katikati na kanga zao. Rubani akasema ni mwani, wanaufunga kwenye kamba na vigingi, watu wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nikasahau woga. Nikawa nahesabu safu. Nikawaza, huu mwani wanaupima kwa kitu gani?

Jibu sikulipata. Maana ndipo tukakata kuingia nchi kavu, saa sita mchana, na kindege kikaanza kudunda. Rubani ananieleza kwa utulivu kwamba ardhi ikipigwa jua inapasha hewa, hewa ya moto inapanda, inatusukuma. Mimi sisikii. Kumbe hata angani wameweka matuta! Mbele kuna kawingu kananyesha. Nikamwonyesha. Akacheka: "Mzee, si unajua, Mpemba hakimbii mvua ndogo."

Mimi ni wa Mpemba, nimeshasahihishwa. Na ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia.

Tumbo likapanda. Kuna kifuko cha karatasi walinipa mwanzoni, nikajua ni cha kuwekea vitafunwa, nikatia kashata zangu zote. Sasa kikahitajika kwa kazi yake. Kashata zikaondoka hivyo.

Nikaanza kusali. Tulikuwa tumevaa yale madude ya masikioni yenye kijiti mbele ya mdomo. Mimi nilidhani kile kijiti ni cha rubani. Sikujua kwamba ukifungua mdomo tu, wote mnaogawana ile waya mnasikia. Nikasali kwa sauti, kama mtu aliye peke yake: "Ee Bwana, nishushe salama. Lile sado langu nililolibonyeza kitako nitalitupa. Nitanunua jipya. Na wale niliowapunguzia, Bwana, unawajua."

Kimya. Kisha rubani, bila kugeuza shingo: "Mzee, Mpemba ya wapi vile? Ile ya mizani?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Akirudi alikuwa ananunua mahindi palepale, kwa sado. Mama akipima nyumbani, pungufu. Kila safari. Waligombana sana kwa ajili ya yale mahindi, mama akijua mengine yameshukia kwa mwanamke mwingine."

Mabati 150 chini yangu. Yeye ndiye ameshika usukani. Wangu nimekatazwa kuugusa. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Pale tuko wauzaji wengi."

Alitushusha vizuri, sina la kumlaumu. Alishuka kwanza yeye, kisha akanipa mkono nikajiburuta kutoka. Mtaliano mmoja, mama, akanipigapiga begani, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Pole, baba. Ukanunue tu hilo sado." Kumbe yuko Kiwengwa miaka tisa.

Mama watoto alitaka video. Ninayo, dakika 14, yote ni goti langu. Mpwa naye hakulala na hadithi, alipiga simu kwetu usiku uleule. Niliporudi Mpemba, vijana wa bodaboda wakaniuliza kama mizani imeniruhusu kupita.

Kwa hiyo ukija njia ya Tunduma, ukishapita mizani, uliza mzee wa ndege. Sado ni jipya, kitako kimenyooka, njoo na kilo yako upime mwenyewe. Bei tu ndiyo imepanda kidogo.