Mjomba Nyuzi Akujibu: Shingo Mpya, Kichwa Kipi?

Kwako Mjomba. Nina umri wa miaka 34 na ni mpiga solo. Gitaa langu alilichonga seremala kwa mbao za mvule, umbo la Stratocaster. Shingo imepinda na haifai tena. Nimepata mbili za mitumba na zote nazipenda. Moja ni ya Fender, haina makuu. Nyingine ni ya aina ya Gibson, imenakshiwa kichwa hadi nakosa usingizi. Nichague ipi?
Njia Panda, Masii

Mwanangu, kabla ya kuangalia sura, uliza kimo. Kwa kawaida gitaa la Fender huwa na nyuzi zenye urefu wa milimita 648 kutoka kile kibao cheupe chini ya kichwa hadi darajani. La Gibson ni kama milimita 628. Daraja lako limeshapigiliwa kwenye mvule kwa hesabu ya kwanza, na vitandiko vyake husogea kidogo tu. Chukua futi ya fundi nguo: pima kutoka kibao hadi freti ya 12, kisha kutoka hapo hadi darajani. Vipimo viwili visipokaribiana, utakaposhika chini mambo yatakuwa shwari, ukipanda juu ni aibu. Na benga ya kwetu, tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, mwimbaji akinyamaza solo ndiyo hushika usukani, na haikai chini.

Jingine ni kisigino. Shingo za Fender hufungwa kwa skrubu nne kwenye tundu lenye upana wa milimita 56 hivi. Nyingi za Gibson hugundishwa kwa gundi. Zipo shingo fupi zilizokatwa makusudi zikae kwenye mwili wa Fender. Kama hiyo yako si ya namna hiyo, mwache huyo mrembo aende zake.

Mjomba, vijana wa bendi wananicheka. Wanasema kichwa cha gitaa langu ni cha kizee. Nataka kilichochongoka kama mkuki, halafu nibandike jina la Fender. Kuna ubaya?
Mwenye Haya, Mlolongo

Haya ungeyaona kwenye hilo la kubandika jina. Hiyo ni bidhaa ghushi, hata kama ni wewe uliyejidanganya mwenyewe. Andika jina la nyanya yako, hatakushtaki.

Kuhusu umbo, kichwa cha Gibson huinama nyuma, mara nyingi kwa digrii 17, na funguo zake hukaa tatu kila upande. Nyuzi hukaa vizuri kwenye kibao, lakini shingo na kichwa vikichongwa kwa ubao mmoja, nyuzi za mbao hukatika pale pale kooni. Gitaa likianguka chali, huvunjikia hapo. Cha Fender kimenyooka, funguo sita upande mmoja, na huhitaji vijishikizo vya kuzibana nyuzi nyembamba chini. Hakina madaha, ila huvumilia. Wewe unayesafiri na matatu ya Machakos, gitaa likiwa chini ya gunia la maembe, unajua unachohitaji. Huo mkuki nao ni mrefu na mzito: mwili ukiwa mwepesi, ukiachilia mkono kidogo tu kichwa kinaelekea sakafuni.

Mjomba, mume wangu anataka kuagiza shingo ng'ambo kwa pesa za karo. Kaka yangu ni mchongaji Wamunyu. Anachonga twiga, atashindwaje na shingo ya gitaa?
Mama Watoto, Kathiani

Mwaitu, hoja yako ina uzito. Wamunyu wanachonga tangu Mutisya wa Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini twiga akizidi milimita mbili shingoni, hakuna mtalii atakayelalamika. Freti haisamehe. Urefu wa uzi hugawanywa kwa 17.817 kupata nafasi ya freti ya kwanza. Kwa milimita 648 ni milimita 36.4. Kilichobaki hugawanywa tena vivyo hivyo, hadi freti ya 21 au 22. Kisha nyuzi sita za chuma huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji wa Athi River. Ndiyo maana ndani hupitishwa chuma cha kuinyoosha, na ubao huwa mkavu kabisa. Uliokatwa juzi, mvua za Novemba zikija utajikunja.

Suluhisho lipo. Huuzwa shingo ambazo freti ziko tayari ila kichwa ni ubao mtupu usiochongwa. Mumeo anunue hiyo, si ya mapambo, na shemeji yake achonge kichwa. Sharti moja: kila uzi uende moja kwa moja kutoka kibao hadi kwenye ufunguo wake. Ukipinda kwa pembe kali hunasa, na gitaa halikai na sauti. Karo ilipwe kwanza.

Mjomba, nimebadilisha shingo, kichwa, funguo na daraja. Je, hili bado ni gitaa langu?
Mwanafalsafa, Tala

Ukishamlipa fundi, ndiyo.