Daraja la Kyaka Lilivyobomokea Sebuleni

Nilitaka kujua jambo dogo tu: kikundi cha maigizo cha hapa kwetu Ihanda kilianzaje. Hakikuwa na katiba wala muhuri, na daftari lake lililobaki alikuwa nalo shangazi, anaandika humo madeni ya pombe ya rubisi. Ukurasa wa kushoto majina ya waigizaji, wa kulia majina ya wasiolipa, na mara nyingi ni walewale.

Jumapili baada ya ibada nikawaita shangazi na baba mkubwa waje kula. Mama alikuwa bado na ndizi jikoni, lakini shangazi hakungoja sahani. Walianza na ngonjera, akasema, wakiwa shuleni. Hilo laingia akilini: Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akawaomba washairi walieneze, na Mathias Mnyampala akazivumisha ngonjera mpaka zikaingia madarasani. Baba mkubwa alipewa Bepari kwa kuwa kaptula yake ndiyo pekee iliyokuwa na mifuko. Mpaka hapo walipatana.

Vikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera, na mapema Novemba yakalilipua daraja la Kyaka. Vita vilipokwisha kikundi kikaviigiza.

"Amin nilikuwa mimi," akasema baba mkubwa.

"Wifi yangu shahidi," akajibu shangazi, "wewe ulikuwa daraja. Ulilala kifudifudi, tukakulipua."

Mzee akainuka. Akavaa koti la mvua la marehemu baba, akapanda juu ya benchi kutuonyesha Amin anavyosimama, akanguruma. Benchi likakatika katikati. Shangazi akapiga yowe, mama akatoka jikoni mbio, ndizi zikaungua, na majirani wakajazana mlangoni, mmoja ameshika mchi. Mjumbe wa nyumba kumi akaja kuamua ugomvi. Akasikiliza pande zote mbili, akavua kofia.

"Waitu," akasema, "Amin nilikuwa mimi."

Hatukula chochote siku ile.

Kikundi kilivyokwisha, hilo halina ubishi, wala hakuna aliyetaka kuliigiza. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Daftarini majina kadhaa yana msalaba wa kalamu nyekundu, na kwenye ukurasa wa kulia madeni ya hao shangazi ameyapiga mstari yote. Sikumuuliza.

Sasa tuna mwanzo, tuna mwisho, na katikati tuna akina Amin wawili. Baadhi ya waigizaji waliolewa upande wa Kyerwa, na hadi 2012 tulikuwa wilaya moja, kwa hiyo picha ya igizo lile inaweza kuwa huko. Aliye nayo aje nayo, tafadhali. Na aje na kiti chake.