Mzee, Hapa Bomba Linapita

Mtumishi wa umma akishavuka miaka hamsini na tano, watu huacha kumwuliza hali. Humwuliza amebakiza muda gani. Mangi wa dukani ananiuliza, kinyozi ananiuliza, hata kijana wa bodaboda asiyejua jina langu: "Mzee, umebakiza mingapi?" Nikimjibu miwili, macho yanamtoka. Hajaona mtu pale, ameona kiinua mgongo kimevaa kofia.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, karani wa masjala, na nimekuja Bariadi, mkoani Simiyu, kwa barua ya uhamisho niliyoiomba mwenyewe. Msishangae. Sisi Wazaramo tunajulikana: wazee wetu waliwauzia wageni mashamba ya minazi na mikorosho, halafu sisi watoto tukaenda kupanga vyumba kwa wageni hao hao. Kwetu hakuna pa kustaafia. Mke wangu, Mama Kulwa, ni Msukuma wa huku huku, akasema, "Twende kwetu, ardhi ipo." Kweli ipo, tena ya kumwaga. Asiyekuwepo katika mkoa huu mzima ni mtu asiyedai kujua kuliko mimi niinunue ipi.

Shauri la kuhama kabla ya kustaafu ni langu, na bado nalisimamia. Mstaafu akishashika mafao mkononi hachagui mtaa, mtaa ndio unamchagua yeye. Nikasema nije mapema, mshahara ukiwa bado unaingia, niangalie kwa utulivu. Maana hizo pesa nazo zina hesabu zake. Zamani wenzetu walichukua nusu ya mafao kwa mkupuo. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33. Watu wakalia mpaka bungeni, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa sisi tuliokuwa kundi la nusu. Mbunge mmoja wa Bariadi hii hii, mwaka 2008, aliziita dola zaidi ya milioni moja "vijisenti". Sasa asilimia 40 ya mafao ya karani wa masjala mie niipe jina gani?

Utulivu wenyewe sijauona. Nilipotamka tu neno kiwanja, madalali walijaa.

Dalali wa Bariadi hana kiwanja kibaya. Unamlipa hela ya kuonyeshwa, unamwekea mafuta, anakupakia kwenye pikipiki yake, mnakwenda mpaka mgongo unakumbuka dhambi za ujana. Mkifika anashuka, ananyoosha mkono kwenye vichaka na kutamka yale maneno: "Mzee, hapa bomba linapita." Sima, bomba linapita. Isanga, bomba linapita. Guduwi linapita na kona linapiga.

Nieleze kidogo kwa msomaji wa mbali. Mkoa wa Simiyu una kipande chake cha Ziwa Victoria, kule Busega, ila sisi wa Bariadi, makao makuu ya mkoa, tunategemea visima. Mradi wa kuyavuta maji ya ziwa mpaka huku upo kweli, si hadithi ya kijiweni. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliupitisha mwaka 2017, na Wajerumani wameutilia fedha. Lakini kwa namna madalali wanavyolipitisha hilo bomba, mji mzima ungekuwa mabomba, nyumba zingekosa pa kukaa. Mama Kulwa ndiye aliyewapatia dawa. Dalali akisema linapita, yeye anauliza kwa upole, "Linapita lini, mwanangu?" Kijana anakumbuka kwamba simu yake inaita.

Kuna na ile ya "karibu na mkoani". Mkoa huu ulipoanzishwa 2012, wilaya nyingi zikitoka Shinyanga na Busega ikimegwa Mwanza, Bariadi ilipanda cheo kutoka makao makuu ya wilaya hadi ya mkoa. Tangu hapo hakuna kiwanja kilicho mbali. Cha bondeni kiko karibu na mkoani, na kile ambacho lazima ukivukie mto ukiwa umeshika viatu nacho pia kiko karibu na mkoani.

Nyaumata, ambako ndiko kwenye ofisi za mkoa na hospitali ya rufaa, ndiko alikokutaka Mama Kulwa. Ana hoja, na sitamnyima. Mtu wa miaka sabini akibanwa na kifua saa nane za usiku hawezi kupakiwa bodaboda katikati ya watu wawili kama gunia la pamba, na akiandikiwa rufaa ya Bugando bado ana safari ya kwenda Mwanza. Kadi ya bima hata iwe hai namna gani haina magurudumu. Ningekubali siku ile ile, ila niliwaangalia majirani. Huyu mkuu wa idara, yule afisa utumishi, yule mhasibu. Jamani, miaka yote ya kazi nimekuwa nikisimama wakubwa wakipita koridoni. Nistaafu, halafu nianze kusimama uani kwangu nikiwa na taulo na mswaki mdomoni? Halafu watakuja na mafaili. "Mzee, wewe ndiye ulikuwa masjala, hili jalada la 2014 liliwekwa wapi?"

Somanda nako tulikwenda, karibu na hospitali ya mji. Pazuri, pana watu. Tatizo ni kwamba watu hao wana spika. Nikahesabu baa, kanisa, mashine ya kusaga na kijana anayeuza CD ambazo sijui nani bado anazinunua. Nikaondoka. Wengine wataniona nina maringo, wakalale wao.

Dalali mwingine akaniletea habari za upande wa Nyakabindi, barabara ya Lamadi, kwenye viwanja vya Nanenane. Ni kweli sherehe za kitaifa zilifanyika pale mara tatu mfululizo, 2018 mpaka 2020, na nchi nzima ikaja kuangalia mahindi na ng'ombe. "Mzee, ukijenga pale, kila Agosti unapangisha vyumba." Na Septemba? "Septemba unapumzika, si umestaafu?"

Kisha ikaja nyumba iliyokwisha kujengwa, na hii ndiyo iliyonifundisha mambo. Vyumba vitatu, sebule, bati jipya la rangi ya damu ya mzee, bei imeshuka "kwa sababu mwenyewe ana shida ya ada". Tukaingia. Sebuleni kalenda, chumba cha kwanza kalenda, cha pili kalenda mbili, moja ya mwaka juzi. Mama Kulwa hana haraka na kalenda. Akaifunua ile ya sebuleni kwa kidole, na nyuma yake ukutani kulikuwa na ufa uliotoka kwenye linta mpaka sakafuni, umejazwa magazeti yaliyosokotwa na kupakwa chokaa juu. Nilichungulia nikamwona kuku yuko nje, naye akaniona. Dalali akasema hiyo ni njia ya hewa.

Jioni tukamsimulia baba mkwe. Mzee hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala choo kiko ndani au nje. Aliuliza, "Udongo wake mweusi?" Nikasema mweusi, tena umepasuka. Akacheka mpaka akatoa miwani. "Mkwe, hiyo ni mbuga. Mbuga tunalima mpunga." Siku ya pili akanitembeza mwenyewe, na yeye hakudai hela ya kuonyeshwa. Huku mlimani, karibu na mawe makubwa, udongo ni mwepesi wa mchangamchanga, ndio luseni: mvua ikinyesha maji yanazama, ukuta unasimama. Ukishuka unakuta itogolo, ambayo chini yake kuna tabaka gumu, maji yanatuama juu. Ukifika bondeni ndiyo mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa na kufunguka nyufa za kumeza ndala. Nyumba iliyokaa juu yake inapandishwa na kushushwa kila mwaka. Wasukuma wamekuwa wakiusoma udongo huu tangu mababu, kila aina na jina lake na zao lake, na bado watu wanauziana majaruba ya mpunga yaliyokatwa ishirini kwa ishirini, na mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri. Kiangazi mbuga ni tambarare safi, inavutia kuliko mlima wenye mawe. Ndiyo maana viwanja vyake vinauzwa kiangazi.

Tena kiangazi ndicho kipindi cha pamba. Simiyu ndiyo inaongoza nchini kwa pamba, na wanunuzi wanapofungua msimu katikati ya mwaka, pesa inatembea mpaka unaisikia. Watu wanaoa, wananunua bati, pikipiki, na viwanja. Kiwanja kilichokuwa kinabembelezwa Machi, Julai kinakutazama kwa dharau. Mgeni mwenye mafao akitokea Dar wakati huo amejiponza.

Nimalizie na shemeji yangu, kaka yake Mama Kulwa, maana huyu ana shauri lake na halichoki. Anataka tusikae mjini kabisa, twende kwake kijijini, Itilima. "Shemeji, mjini mnanunua mpaka mchicha. Huku utapewa ekari, utafuga." Nikamwuliza kuhusu tembo wanaotoka Serengeti na pori la akiba la Maswa kuja kula mashamba ya watu. Akasema hawaji kila siku. Nikamwuliza kuhusu fisi. Akanyamaza kidogo, akasema fisi wa kule wengine wana wenyewe, kwa hiyo usiku ukimkuta njiani usimrushie jiwe, unaweza ukamuudhi jirani. Nikasema asante sana, mimi sitaki mtaa ambao ukigombana na mtu mchana unajibiwa usiku kwa miguu minne. "Mzaramo bwana," akasema, "mnaogopa fisi na kazi!" Watani hawa hawana adabu.

Na hata fisi wakiondoka, shemeji mwenyewe atabaki. Nawapenda wakwe zangu, andikeni hivyo hivyo. Wananiletea michembe, yaani viazi vikavu, kwa gunia, na nsansa ya mama mkwe, ile mboga ya majani makavu kwa karanga, sijaionea mfano. Lakini nyumba ya mstaafu iliyo jirani na ndugu haina mstaafu, ina benki isiyo na mlinzi. Ukikaa mbali sana nako, siku ukiugua watajua kwenye matanga. Panatakiwa mahali ambapo mtu akitaka kuja kukopa inabidi alipe nauli kwanza, na akitaka kuja kukuzika asihangaike.

Kwa sasa tumepanga Malambo, vyumba viwili na sebule, kodi ya miezi sita. Wenzangu ofisini wananicheka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe anapanga. Wacheke. Wawili kati yao, wenye nyumba zao, wamenunua kalenda mwaka huu, na wote wawili hawana mazoea ya kuangalia tarehe. Mimi nasubiri masika ipite nzima. Nikiwa na mwavuli nitakwenda kuviangalia vile viwanja vyote vinavyopitiwa na bomba, nione maji yanapita kwelikweli wapi. Nitakwenda na usiku, nisikie spika. Kisha nitampeleka baba mkwe ashike udongo, ndipo nitoe hata senti moja ya kikokotoo.

Basi, mwenye kiwanja cha luseni, kilichopimwa, ambacho hajakiuza kwa mtu mwingine, kisichozidi nauli moja ya bajaji kutoka hospitali na kisichopungua nauli mbili kutoka kwa shemeji, anione jioni baada ya kazi. Aje mwenyewe. Dalali amwache nyumbani.